Chupa Tatu za Kavindu

Siku ya kwanza Kavindu alipoingia dukani kwangu, alinusa bidhaa yangu kama mtu anayenusa soksi kabla ya kuamua kama itavaliwa tena.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nifungue duka la chakula cha mifugo hapa Kamenu, Thika. Kabla ya hapo nilisukuma toroli ya pumba Kiandutu, mlango hadi mlango, miaka saba. Sikufika nyuma ya kaunta yangu mwenyewe ili mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani aje kunifundisha kazi.

"Nipimie gorogoro mbili ya peleti za sungura," akasema bila salamu.

Nikachota kwa mkebe wa kilo mbili kutoka kwenye pipa la bluu. Akachukua punje moja, akaivunja kwa meno ya mbele, akaitema kwenye kiganja na kuichungulia.

"Zimetengenezwa lini?"

"Mama, hizi zimekuja jana."

"Sijauliza zimekuja lini. Nimeuliza zimetengenezwa lini."

"Kwani unataka kuzifanyia bathdei?"

Wateja wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Akataka kuona karatasi inayoshonwa mdomoni mwa gunia, ile yenye tarehe. Nikamwambia nimeitupa, kama kila mtu anavyoitupa.

"Basi unauza kitu hujui umri wake," akasema. Akatoa chupa tupu ya jamu kwenye mkoba, akaijaza peleti kutoka kwenye kilo zake nne, akaifunga, akabandika utepe na kuandika tarehe ya siku hiyo kwa kalamu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ni yako. Siku ukinidanganya, hii ndiyo itaongea."

Alivyotoka nikasema kwa sauti, asikie, kwamba wengine wameumbwa wakiwa na pilipili mdomoni. Alisikia. Baada ya wiki mbili akarudi, na akaendelea kurudi kila wiki mbili kwa miaka sita. Hakurudi kwa mapenzi. Mimi peke yangu hapa Kamenu ndimi niliyepima peleti za sungura kwa kilo. Wengine waliuza gunia zima ama hawakuuza kabisa. Nami sikumfukuza kwa sababu mteja anayekuja bila kukosa simfukuzi, hata akiwa na ulimi wa wembe. Kitu kimoja tu kilibadilika: nilianza kuzitundika zile karatasi za magunia kwenye msumari nyuma ya mlango, ili nipate cha kumnyamazisha nacho.

Habari zake nilizipata kwa watu, kipande kipande. Alizaliwa upande wa Ithanga, akaja Thika akiwa na miaka ishirini kutafuta kibarua, akapata kazi kwenye kiwanda cha kupakia matunda kwenye mikebe. Miaka kumi na sita alimenya mananasi akiwa amesimama, mpaka vidole vikaliwa na ile asidi. Halafu wakamhamishia chumba cha sampuli. Kila mzigo uliotoka, mikebe miwili iliwekwa rafuni na tarehe yake. Lalamiko likija kutoka mbali kwamba watu wameumwa, Kavindu ndiye aliyetumwa kuleta ndugu wa ule mkebe, ufunguliwe, ijulikane kosa ni la kiwanda au ni la aliyeuacha juani. Miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kutomwamini mtu yeyote, na alilipwa kwa hilo. Magoti yalipokataa, wakampa barua ya shukrani na saa ya ukutani.

Mumewe, Muasya, alishafariki. Binti yake Mumo alihamia fleti moja Ruiru ambako mwenye nyumba hakutaka wanyama, akamwachia mama sungura wake wawili "kwa mwezi mmoja tu." Ule mwezi haujaisha hadi leo. Wale wawili wakawa kumi na mmoja. Hakuwahi kuchinja hata mmoja, hakuwahi kuuza hata mmoja. Majirani walimcheka waziwazi, kwamba kuna watu wanakula sukuma wiki siku saba na nyama inarukaruka kwa ploti ikipewa majina. Na majina yenyewe! Supavaiza, Kibarua, Ovataimu, Shifti, Likizo. Ovataimu ndiye alikuwa mmoja wa wale wawili wa kwanza, jike la kijivu lenye sikio lililochanika. Nilimwona mara moja akiwa amelala kifudifudi kwenye mapaja ya Kavindu kama blanketi. Mimi sifugi kitu kisichotaga wala kukamuliwa, kwa hiyo sikuelewa.

Mwaka huu mvua za Aprili zilikuwa na fujo. Mtaro wa barabarani uliziba, dirisha la nyuma likavunjika, na bati likapata tundu juu ya kona ya mapipa. Nikaziba tundu, nikabadilisha kioo, nikatoa peleti zilizolowa kwenye pipa la bluu, nikazianika kwenye turubai siku mbili juani, nikachekecha madonge, nikazirudisha pipani na kumwagia gunia jipya juu yake. Hivyo ndivyo wenye maduka wote ninaowajua wanavyofanya. Halafu nikaendelea na maisha.

Juni, ile wiki ya baridi, Kavindu alikuja na mafua. Alinusa peleti kama kawaida lakini pua ilikuwa imeziba. Alizivunja, akazitazama, hakuona kitu. Akajaza chupa yake, akaandika tarehe, akaenda.

Siku ya tano alirudi na kikapu. Duka lilikuwa limejaa. Akafunua gazeti na kuweka sungura mfu juu ya kaunta yangu, kando ya mizani.

"Huyu ni Likizo," akasema. "Jana alikuwa Kibarua. Na wanne wengine hawali. Umewalisha nini, Mama Kui?"

"Ondoa huo mzoga kwa kaunta yangu!"

"Nitauondoa ukinijibu."

"Mimi nimewalisha? Mimi nimekuja kwako na kijiko? Labda ni sukuma wiki ya soko, watu wanapulizia dawa leo wanauza kesho."

"Hawajala sukuma wiki wiki mbili. Wanakula majani ya uani na peleti zako. Na Supavaiza, ambaye ni mzee hana meno ya peleti, anakula majani peke yake. Supavaiza anaruka. Wale wa peleti wamejikunyata kwa kona, kinyesi kimekuwa kama uji, masikio kwa ndani yamekuwa manjano. Niambie hiyo ni sukuma wiki gani inayochagua."

Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshika kilo tano akaziweka chini taratibu, akatoka. Hapo nikaona pesa zangu zikitoka naye, nikabadilisha sauti.

"Si ulizinusa mwenyewe? Kila mara unazinusa hapa kama mbwa wa polisi. Hukusema kitu."

Lile neno lilimpata. Uso wake ulibadilika, na sitasema nilihuzunika; nilifurahi. Miaka sita nilikuwa nikitafuta mahali pa kumchoma.

"Nilikuwa na mafua," akasema polepole. "Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini kilichokuwa ndani ya pipa ni chako. Usimpimie mtu mwingine mpaka tujue."

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, nilienda kwake. Sikwenda kutoa pole. Nilitaka kuona kama kuna kosa lake ninaloweza kushika: maji machafu, majani yenye dawa, chochote. Sikupata. Kila mgonjwa alikuwa kwenye sanduku lake. Nyasi kavu na maji safi vilikuwa mbele ya kila mmoja, bakuli za peleti zimesuguliwa kwa maji moto na kuanikwa. Peleti zilizobaki alizifunga kwenye mfuko, akafunga mfuko ndani ya mfuko, akaandika kwa herufi kubwa: USILISHE. Ovataimu alikuwa kwenye sanduku la mwisho, macho yamefumba nusu, meno yakisagana kwa maumivu.

Jirani yake Wavinya alikuwa amesimama getini na sufuria.

"Sasa si unipatie hiyo ya kutupwa, kuku wangu wale? Kuku hana maneno, hata kokoto anameza."

"Kuku atakula sumu, wewe utakula yai," Kavindu akamjibu. "Rudisha sufuria nyumbani."

"Ai, uchoyo gani sasa, hata wa takataka?"

"Ndiyo. Hata wa takataka."

Daktari wa mifugo, kijana mmoja anayeitwa Muthoka, alikuwa amempasua Likizo. Ini lilikuwa limevimba na kupauka, alisema. Alishuku sumu ya ukungu, lakini pia alishawahi kuona dawa ya kuku ikichanganyika na chakula cha sungura kiwandani na kuwaua vivyo hivyo. Alichukua peleti kiasi kupeleka maabara, akasema majibu yatachukua siku.

"Hawa wanne hawana siku," Kavindu akaniambia bila kunitazama. "Nataka nijue ni nini kiko ndani, na ni nani mwingine anakilisha. Una wateja wangapi wa sungura?"

"Hiyo ni siri ya biashara yangu."

"Mtaa wa Ngoingwa peke yake wako zaidi ya kumi. Watoto wa zile fleti wanalala na sungura kitandani. Uliwapimia kutoka pipa gani?"

Tangu daktari ataje neno "kiwandani," kichwa changu kilishafika Ruiru. Peleti hutoka kwa Karanja, mwenye kinu kidogo pale Ruiru, na kama mtu wa kulaumiwa yuko Ruiru, basi jina langu Kamenu limepona. Nikamwambia Kavindu: kesho twende. Abebe chupa zake zote za mwezi wa tano na wa sita. Mimi nitabeba karatasi ya gunia. Tutamwekea Karanja ushahidi mezani mpaka akose pa kuketi.

"Unanitumia," akasema.

"Na wewe unataka kujua. Kwa hivyo tunatumiana."

"Sawa. Saa mbili asubuhi. Usichelewe."

Karanja alitupokea kwenye ofisi yake ya mabati, unga umemjaa kwenye nyusi. Ni mtu mpole, na wapole mimi huwabana kwanza. Nilimwanzia juu: sungura wawili wamekufa, wanne wako njiani, daktari anataja dawa ya kuku, na gunia lina karatasi yake hii hapa. Nikamwambia nataka magunia sita ya fidia, na barua ya kubandika mlangoni kwangu kwamba kosa ni la kinu. Kama hataki, Kamenu na Ngoingwa zote zitasikia.

"Mama Kui, pole, pole kidogo," akasema. Akasoma namba kwenye karatasi, akainuka, akafungua kabati la chuma. Ndani kulikuwa na mifuko midogo imepangwa kwa tarehe.

Nilimwona Kavindu akikaa wima. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliangalia mtu kwa heshima.

"Mnaweka sampuli?" akauliza.

"Kila mzigo, mama. Miezi sita. Na kwa mashine hii hakipiti chakula cha kuku, hiyo iko nyumba ile ingine."

Akaumwaga mfuko wenye namba yetu kwenye karatasi nyeupe. Kavindu akapanga chupa tatu kando yake. Ya kwanza ya mapema mwezi wa tano, siku mbili baada ya mimi kufungua gunia. Ya pili, wiki mbili mbele. Ya tatu, ile ya mafua.

"Gunia ni moja?" Karanja akaniuliza.

"Moja. Namba ni hiyo hiyo," nikajibu kwa kujiamini.

Chupa ya kwanza ilikuwa sawa kabisa na za Karanja: kijani, ngumu, harufu ya majani makavu. Ya pili ilikuwa nzuri, ila na punje chache zilizopauka. Alipofungua ya tatu, sikuhitaji kuinama. Ilitoka harufu ya gunia lililosahauliwa kwa stoo. Punje ziligeuka unga zikiguswa, na ndani ya zile zilizovunjika kulikuwa na vumbi la kijivu. Chini ya kifuniko kulikuwa na jasho.

Karanja hakupaza sauti. "Kama kosa lingekuwa langu, ya juu na ya chini zingekuwa sawa. Hii imekuwa mbaya ikishuka. Kuna kitu kilikuwa chini ya gunia langu. Unauza kutoka kwa gunia ama kutoka kwa pipa?"

Nikaanza kuikunja ile karatasi ya gunia.

"Pipa," akasema Kavindu. "La bluu. Na huwa halimaliziki. Miaka sita sijawahi kuona chini yake, anajazia tu juu." Akanigeukia. "Bati lako lilivuja Aprili. Nilimwona fundi akiliziba. Zilizolowa ulizipeleka wapi?"

"Nilizianika. Jua kali, siku mbili. Nikachekecha."

"Ukachekecha madonge," akasema Kavindu, "ndiyo maana sikuona kitu."

"Jua linakausha, mama," Karanja akaongeza, akiangalia meza, "lakini sumu ya ukungu haiondoki kwa jua wala kwa chekeche. Hata kwa moto wa jikoni inabaki. Zikishaota ukungu, ni za kutupa tu."

Nilikuwa nimebeba ushahidi wa kunishtaki mwenyewe kutoka Thika mpaka Ruiru, na nilikuwa nimemsihi Kavindu aje nao.

Nje ya geti, kabla hatujafika barabarani, nilifanya kazi ninayoijua. Nilimwambia Kavindu nitampa peleti bure mwaka mzima, mpya, kutoka gunia lililoshonwa. Pia nitamlipa Muthoka. Yeye anyamaze tu.

"Wewe unafikiri nimekuja soko?"

"Kila mahali ni soko. Taja yako."

Alisimama. Magoti yalikuwa yanamuuma, nilimwona akibadilisha uzito, lakini hakushika ukuta.

"Yangu ni hii. Leo, kabla ya saa kumi, unapiga simu kwa kila mtu uliyempimia tangu gunia lile lifunguliwe. Unamwambia awaondolee sungura hizo peleti, awape nyasi na maji, na kama sungura amekataa kula, aite daktari leo, asingoje kesho. Unawaambia ni pipa lako. Usiseme kinu. Zilizobaki zote unachimba shimo unafukia, nikiwa nimesimama hapo. Halafu unaandika kwa mkono wako, unabandika mlangoni, mwezi mzima."

"Mwezi! Wiki moja."

"Mwezi."

"Siku kumi, na simu napiga zote."

"Mama Kui, hizi chupa nitaziweka kwa dirisha la kanisa Jumapili, zote tatu, na nitasimama kando yake nijibu maswali. Mwezi."

Nimebishana na madalali wa mahindi mpaka wakaniachia kofia. Huyu hakuwa na kitu alichotaka ambacho ningeweza kukipunguza.

Nilipiga simu kumi na saba. Wengine walinitukana, mmoja wa Ngoingwa, Becky, alilia, akasema sungura wa mtoto wake hajala tangu jana. Alimpeleka kwa daktari jioni ile ile na akapona. Wengine wawili walikuwa hawajafungua mfuko. Kavindu alimpigia Muthoka akamwambia ni ukungu, si dawa ya kuku, na Muthoka akaja mara mbili kila siku kuwalisha wale wanne kwa bomba la sindano. Alasiri nilichimba shimo nyuma ya duka, nikamwaga pipa zima, nikamwagia majivu na maji, nikafukia. Chini kabisa kulikuwa na tabaka jeusi limeshikana kama keki. Kavindu alilitazama, akalitazama, halafu akasema, "Hicho ndicho Ovataimu alikula," na akaondoka.

Ovataimu alikufa siku ya tatu. Mwingine mmoja alimfuata. Wawili waliobaki walianza kutafuna nyasi baada ya wiki, kwanza jani moja, halafu yote. Majibu ya maabara yalipokuja yalisema tulichokwisha kukijua Ruiru.

Kwa hivyo hesabu ni hii. Kavindu alikuwa na kumi na mmoja, ana saba. Alipata kila alichodai pale getini, hata siku ya thelathini ya tangazo langu, ambayo alikuja kuihakikisha asubuhi kabla sijalitoa. Mimi nilipoteza robo ya wateja wa sungura, na duka la mkabala limenunua gorogoro mpya kuwapokea. Karanja haniuzii tena kwa mkopo. Pipa la bluu nimelikata, napandia vitunguu. Sasa nauza mifuko iliyofungwa kinuni, tarehe imo, na wale wateja waliobaki wananunua zaidi kuliko zamani kwa sababu wanasoma hiyo tarehe kabla ya kuuliza bei. Hilo silo nililolitaka, lakini nimelichukua.

Hatusalimiani. Anakuja kila wiki mbili, ananunua mfuko, anakata ule uzi mwenyewe kwa kisu chake juu ya kaunta yangu, anavunja punje kwa meno, anatema. Halafu anajaza chupa.

Wiki iliyopita mteja mgeni alimuuliza hiyo chupa ni ya nini.

"Muulize yeye," akasema, akininyooshea kidole.

Nikamwambia. Sikuwa na la kuficha tena, na nilikuwa na mfuko wa pili wa kumuuzia.